Kumpokea Mbwa Asiye na Kwao

Tumeombwa kusema nanyi kwa muda mfupi juu ya jambo ambalo wengine wenu watalihesabu kuwa dogo, nalo ni hili: ni vitu gani vimpasavyo mtu kuviweka tayari nyumbani kwake, kabla hajaenda kumchukua mbwa katika nyumba wanamohifadhiwa mbwa waliopotea na waliotupwa.

Twajua ya kuwa baadhi yenu mmekwisha kucheka. Mwasema, "Mbwa naye hutayarishiwa nini? Atakula makombo, atalala uani, basi." Hatuwalaumu, kwa kuwa maneno hayo tuliyasema sisi wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kutaja kitu hata kimoja, yafaa tuwasimulie yaliyotupata, maana mwalimu afichaye makosa yake huwafundisha watu nusu ya somo.

Sisi ni walimu katika chuo cha ualimu, katika nchi ya juu yenye baridi, kwenye mashamba ya chai. Twakaa katika nyumba za walimu, sisi na bibi yetu na watoto wetu watatu. Miaka michache iliyopita wezi walianza kuzunguka huko usiku. Kuku wakapungua, nguo zikatoweka kambani, na jirani yetu mmoja akaamka asubuhi asione baiskeli yake. Tukashauriana nyumbani, tukakata shauri kutafuta mbwa. Rafiki yetu akatuambia ya kwamba hatuna haja ya kununua mtoto wa mbwa, kwa kuwa wako mbwa wazima, wenye afya, wamehifadhiwa mahali wakingoja mtu wa kuwachukua.

Tukaenda siku ya Jumamosi kwa gari la kuazima. Tukachagua dume moja la rangi ya kahawia, lililokatika ncha ya sikio la kushoto, na watoto wakalipenda mara moja. Bibi mmoja wa mahali pale akatuuliza, "Mmekwisha kutayarisha vitu vyake nyumbani?" Tukamjibu bila kufikiri, "Vyote viko." Kwa kweli hatukuwa na kitu ila kamba ya katani iliyokuwa garini, ambayo siku zote ilifungia magunia ya viazi. Tukaifunga shingoni mwa mbwa, tukaja naye.

Tulipofika katika lango la chuo, ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Tukafungua mlango wa gari, na wakati uo huo kengele ikagongwa. Mbwa yule hakuwa amesikia kengele kubwa kama hiyo maishani mwake. Akaruka, akarudi nyuma kwa nguvu, kamba ikapita juu ya masikio yake, naye akakimbia akaingia katika michai. Shingoni hakuwa na ukanda, wala kibati chenye jina letu. Mtu yeyote ambaye angalimwona angalisema, "Huyu ni mbwa koko," akampiga jiwe. Tulimtafuta siku tatu, sisi na wanachuo, tukiliita jina ambalo hata yeye mwenyewe hakulijua bado. Siku ya nne mtoto wa shule akatuletea habari ya kwamba amemwona kando ya barabara kuu, amegongwa na lori.

Tulimzika chini ya mkaratusi. Mtoto wetu mdogo akatuuliza, "Baba, kwani ukanda wa shingo ni ghali sana?" Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu jioni hii twasema nanyi.

Kwanza yafaa mjue mbwa hawa ni akina nani. Kule Nairobi kiko Chama cha Kenya cha Kuwalinda na Kuwatunza Wanyama, ambacho asili yake ni ya mwaka 1910, na watu wengi hukijua kwa herufi zake za Kiingereza, KSPCA. Tena ziko nyumba nyingine kama hizo katika miji mbalimbali ya Afrika ya Mashariki. Mbwa waliomo wengine waliokotwa barabarani. Wengine bwana zao walihama wakawaacha. Wengine waliondolewa kwa watu waliowafunga mnyororo mchana na usiku bila maji. Kwa hiyo mbwa utakayemchukua ameachwa mara moja tayari. Ameona nyumba ikifungwa na watu wakienda zao. Atakapofika kwako hajui kama hapa ni kwake, au kama ni njia tu ya kwenda mahali pengine. Kila kitu tutakachokitaja sasa kina kazi mbili: kumlinda mwili wake, na kumwambia kwa lugha aielewayo ya kwamba amefika.

Kitu cha kwanza, na msishangae kwamba ni cha kwanza, ni ukanda wa shingo pamoja na kamba yake. Ukanda uwe wa ngozi au wa kitambaa kigumu kilichofumwa, wenye kifungo cha chuma. Upime hivi: ukiisha kuufunga, vidole vyako viwili vipite kati ya ukanda na shingo, visizidi. Ukilegea zaidi, utavuka kichwa kama kamba yetu ilivyovuka. Ukibana zaidi, utamchubua. Kisha utie kibati kidogo kilichochongwa namba yako ya simu. Jina la mbwa si lazima, bali namba ni lazima, maana mtu atakayemwokota hana haja ya kumwita. Ana haja ya kukuita wewe. Kamba ya kumwongozea iwe nene, yenye urefu wa kama meta mbili, na ndoana imara ya kushika pete ya ukanda. Kamba ya katani isitumike, kwa sababu hukata ngozi ya shingo na vidonda vyake huingia mabuu.

Vitu hivi uvichukue mkononi siku ya kwenda kumtwaa. Mvike mbwa ukanda kabla hajatoka katika banda la kule, ushike kamba kabla mlango wa gari haujafunguliwa, wala usiiachilie mpaka lango la kwako limefungwa nyuma yako. Garini mtandikie gunia chini, na mtu mmoja akae karibu naye akimshika kamba. Asipewe chakula kingi kabla ya safari, asije akatapika.

Kitu cha pili ni vyombo vya kulia na kunywea. Viwe viwili, kimoja cha maji na kimoja cha chakula, vizito visivyopinduka upesi. Sufuria kuukuu yafaa, bakuli la chuma kisichoshika kutu lafaa zaidi. Chombo cha maji kisikauke mchana wala usiku. Mbwa mwenye uzito wa kilo 20 huhitaji kama lita moja ya maji kila siku, na zaidi wakati wa jua kali. Maji yabadilishwe kila asubuhi, na chombo kisuguliwe, kwa sababu utelezi uonekanao chini ya chombo ni uchafu.

Vyombo hivi viwe vya mbwa peke yake, visichanganywe na vya jikoni. Jambo hili ni la afya kwa watu wote, na kwa wasikilizaji wetu Waislamu ni la dini pia. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Basi hata jirani asiyeweza kumwingiza mbwa nyumbani mwake aweza kumtunza vema nje, akiwa na vyombo vyake mbali na banda lake mbali. Na sisi tulio na jirani kama huyo, adabu yatutaka tumshike mbwa wetu kamba mgeni apitapo, asimguse nguo zake.

Kitu cha tatu ni chakula. Kabla ya kuondoka katika nyumba ile, uliza, "Huyu hula nini hapa, na saa ngapi?" Umpe chakula kile kile kwa siku za kwanza, kisha uchanganye na cha kwako kidogo kidogo kwa muda wa juma moja. Tumbo la mbwa likigeuziwa chakula ghafula huharisha, na mwenye mbwa hudhani amepewa mbwa mgonjwa. Ugali peke yake haumtoshi. Huufanya mwili wake uvimbe bila nguvu. Uchanganywe na dagaa, au nyama iliyochemshwa, au mayai, na mboga kidogo. Mbwa mzima alishwe mara mbili kila siku, kwa saa zisizobadilika, asubuhi na jioni.

Viko na vyakula ambavyo ni sumu kwake au hatari. Vitunguu humharibia damu. Chakuleti ni sumu, na zabibu mbichi na kavu huweza kuua figo zake. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha, ikachoma koo na matumbo. Wageni wengi humtupia mbwa mifupa ya kuku kwa kumpenda. Na ninyi wenye nyumba msione haya kuwakataza.

Hapa twataka kukaa kidogo, maana liko jambo ambalo laweza kumdhuru mtu kuliko mbwa. Mnyama anapochinjwa kijijini, aghalabu mapafu na maini yaliyoharibika hutupiwa mbwa mabichi. Ndani ya mapafu na maini hayo huweza kuwamo vifuko vya maji, na ndani ya vifuko hivyo vijidudu vya tegu mdogo sana. Mbwa akivila, tegu hukua matumboni mwake, na mayai yake hutoka katika mavi, yakashika manyoya, yakafika mikononi mwa watoto wachezao naye. Mtu akiyameza, vifuko humea ndani ya mwili wake, katika ini au mapafu, vikakua polepole kwa miaka, mpaka pengine hana budi kupasuliwa na madaktari. Katika nchi ya Turkana, kaskazini ya Kenya, ugonjwa huo ulionekana kuwa mwingi kuliko karibu pengine popote duniani. Dawa ya kumwondolea mbwa tegu huyo ipo, huitwa prazikwanteli, na daktari wa wanyama ataitoa kwa kipimo. Lakini kinga ya kwanza haina gharama: usimpe mbwa matumbo wala mapafu wala maini mabichi. Yapike, au yazike shimoni, kina cha kutosha asiyafukue.

Kitu cha nne ni malazi. Huku kwetu baridi ya usiku mwezi wa Julai hupenya hata blanketi la mtu. Je, mbwa alalaye juu ya saruji? Mtayarishie kibanda kilichoinuliwa kidogo juu ya ardhi, chenye paa lisilovuja, na mlango usioelekea upepo. Ukubwa wake uwe wa kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyosha; ukizidi sana hakishiki joto. Asiyeweza kujenga achukue kasha kubwa la mbao, alilaze ubavu. Ndani atie gunia lililojazwa majani makavu, au blanketi kuukuu lililofuliwa. Litolewe juani kila juma, ili viroboto wasizaliane.

Ukiweza kupata kitambaa alichokuwa akilalia kule alikotoka, kiombe uje nacho, ukitie ndani ya malazi mapya. Mbwa huijua dunia kwa pua yake kama sisi tuijuavyo kwa macho. Akinusa harufu moja aijuayo katikati ya harufu mia ngeni, usiku wa kwanza hulia kidogo zaidi.

Na mnyororo? Twasema wazi: mnyororo si malazi. Mbwa afungwaye siku zote huwa mkali bila akili, akauma rafiki na adui pamoja. Nchini Kenya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, humhesabia mtu kosa akimnyima mnyama wake chakula na maji, au akimfunga hata akateseka. Badala ya kununua mnyororo, tumia fedha hizo kuziba matundu ya ua. Zunguka ua wako kabla mbwa hajaja, uinamishe kichwa mpaka urefu wa mbwa, nawe utaona njia ambazo hukuziona ulipokuwa umesimama. Sisi tulifanya hivyo mara ya pili, tukaona matundu manne. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kitu cha tano ni vyombo vya usafi: burashi, sabuni, kibano kidogo cha kutolea kupe, na koleo la kuzolea mavi. Mbwa achanwe na kupapaswa kila siku, masikioni, chini ya kwapa na katikati ya vidole, maana huko ndiko kupe hujificha, nao huwaletea mbwa homa za kuwamaliza damu. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja bila kuzungushwa. Asipakwe mafuta ya taa. Tena jihadharini na dawa ya josho la ng'ombe. Watu wengi huichota kwa kukisia wakamwogeshea mbwa, na wengine mbwa wao wamekufa. Mwulizeni daktari wa wanyama dawa iliyo ya mbwa na kipimo chake. Mavi nayo yazolewe kila siku, yatupwe katika shimo mbali na mahali watoto wachezapo, kwa kuwa mayai ya minyoo hukaa udongoni siku nyingi. Dawa ya minyoo mbwa mzima apewe kila miezi mitatu.

Kitu cha sita hakionekani sana, nacho chashinda vyote kwa uzito: ni kadi ya chanjo. Mtakapopewa mbwa, ulizeni kadi yake, mwisome mahali pale pale. Je, amechanjwa kichaa cha mbwa? Siku gani? Achanjwe tena lini? Mbwa mtoto huchanjwa akipata miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Tena mwulize kama amekwisha kupasuliwa asizae, maana nyumba nyingi za namna hii hufanya hivyo kabla ya kumtoa mbwa, ili wasiongezeke wengine wa kutupwa.

Wako wazee wasemao, "Mbwa wetu hawakuchanjwa, nasi tu hai." Twawaheshimu, lakini hesabu hazikubaliani nao. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kwamba kichaa cha mbwa huua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu kumi waumwao na wanyama wenye kudhaniwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, ni kama hakuna dawa. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo, na imekuwapo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto yule akapona. Wataalamu wamesema ya kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Serikali ya Kenya mwaka 2014 ilianza mpango wa kuukomesha kwa watu ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hauwezi kufaulu ofisini tu. Hufaulu uani kwangu na uani kwako.

Na mtu akiumwa na mbwa, awaye yote, hata mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yapitayo, muda wa dakika 15 kamili kwa saa, kisha aende hospitali siku ile ile. Tuliwafundisha wanachuo wetu kuosha hivyo huku mmoja ameshika saa. Wote walistaajabu jinsi dakika 15 zilivyo ndefu, na jinsi kila mtu angaliacha kuosha baada ya mbili.

Kitu cha saba ni kidogo: kitu cha kutafuna na kuchezea. Fundo la kitambaa kigumu, au mpira mgumu mkubwa usioweza kumezwa, vyatosha. Asiyempa mbwa kitu cha kutafuna, mbwa atajichagulia mwenyewe, na mara nyingi huchagua viatu vya Jumapili.

Kitu cha nane hakiuzwi dukani, nacho ni mapatano ya watu wa nyumbani. Kabla mbwa hajaja, wote wakae pamoja waulizane: ni nani atakayemlisha asubuhi? Nani jioni? Nani atamtunza tukisafiri wakati wa likizo? Mbwa wengi hurudishwa au hutupwa tena kwa sababu kila mtu alidhani ni kazi ya mwenziwe. Sisi tuliandika zamu katika karatasi tukaibandika mlangoni, kama zamu za usafi chuoni, na kila mtu, pamoja na sisi baba wa nyumba, akatia jina lake.

Mithali yetu yasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu mithali hiyo haifai. Watu wazoefu wa mbwa hawa huhesabu hivi: siku tatu za hofu, majuma matatu ya kujifunza desturi za nyumba, na miezi mitatu mpaka ajue ya kwamba hapa ndipo kwao. Siku tatu za kwanza huenda asile, akajificha, asibweke hata mwizi akipita mbele yake. Asipigwe, wala asiitiwe majirani wote waje kumtazama. Watoto wafundishwe wasimkumbatie, wasimsumbue alapo na alalapo; wamngoje yeye awaendee.

Baada ya mwaka mmoja tulirudi katika nyumba ile. Safari hii tulikaa majuma matatu tukitayarisha vitu kabla ya kwenda. Bibi yule alitukumbuka. Hakutuuliza kama tuna vitu; alitutazama tu mikononi, akaona ukanda na kamba, akaenda kufungua banda. Akatupa mbwa jike mweusi, mwembamba, mwenye alama ya mnyororo shingoni isiyoota manyoya. Watoto walimwita Subira.

Tulipofika langoni tulikaa ndani ya gari mpaka kengele ikagongwa na kunyamaza. Hata hivyo alitetemeka, akavuta kwa nguvu zake zote. Ukanda ukashika. Tukasimama tu pale, hatukumvuta wala kumkemea, mpaka akapumua. Kwa siku tatu hakutoka kibandani ila usiku kunywa maji. Katika juma la pili alikula tukiwa tumesimama karibu. Sauti yake hatukuisikia kabisa mpaka mwezi wa tatu. Usiku mmoja, kama saa nane, alibweka kwa nguvu hata nyumba zote za walimu zikawasha taa. Ikaonekana ya kuwa hakuna mwizi, ni ng'ombe wa jirani aliyekata kamba. Majirani walinung'unika, nasi tukawaomba radhi. Lakini tukarudi kitandani tumefurahi, kwa maana mbwa halindi mahali asipopahesabu kuwa kwake.

Sasa, mwenye kalamu karibu naye na aandike. Moja, ukanda wa shingo wenye kibati, na kamba. Mbili, vyombo viwili vizito. Tatu, chakula kile alichozoea, cha juma moja. Nne, kibanda kikavu na matandiko, na ua usio na matundu. Tano, burashi, sabuni, kibano na koleo. Sita, kadi ya chanjo na jina la daktari wa wanyama aliye karibu. Saba, kitu cha kutafuna. Nane, karatasi ya zamu yenye majina ya watu wote wa nyumbani.

Asiye na uwezo wa kuvipata vyote kwa mara moja na angoje mwezi mmoja au miwili, akiba ijae. Mbwa yule kule alipo analishwa, naye aweza kungoja. Amkaribishapo kabla ya wakati ndipo amwingizapo hatarini, kama sisi tulivyofanya.

Kamba ile ya katani hatukuitupa. Imetundikwa ghalani ukutani, na wanachuo wapya wakituuliza ni ya nini, huwasimulia habari hii kama tulivyowasimulia ninyi jioni hii.